Kitubio cha Mboga

Yule mkalimani mimi sikumwamini tangu Jumapili ya kwanza, na sikuona haya kusema. Padri alikuwa mgeni kutoka ng'ambo, Kiswahili hana hata cha kuombea maji. Kila alichosema, katekista Kiprugut ndiye alitugeuzia. Siku hiyo, kwenye banda la kukaushia pareto, padri alituhubiria habari ya kuungama. Alisema mengi, uso umemwiva, kisha akapitisha kidole shingoni kama mtu anayechinja. Kiprugut akakohoa, akatuambia, "Padri anasema semeni yote. Msifiche."

Basi, hayo tu. Maneno marefu vile yakatoka mafupi vile, pamoja na kidole shingoni. Na nyuma ya banda alikuwa amesimama ofisa wa polisi.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na tatu, huku Elmenteita, kwenye shamba la mzungu. Sisi Wakikuyu tulikuwa tunachujwa kila mara, mtu anaulizwa: ulikula kiapo cha wale wapiganaji wa msituni? Sema yote, usifiche. Maneno ni yale yale. Laini nzima ya nyumba za wafanyakazi ikaelewa kwamba padri ni sikio la serikali, na asiyesema atakatwa shingo. Jirani yangu Wangeci alisema kikulacho ki nguoni mwako, akaacha kanisa siku ile ile.

Sasa mama mkwe wangu, Nyakio, akaugua kifua, akajua hainuki tena. Akasema hafi kabla hajaungama. Nikamwambia, "Maitu, Mungu anakusikia hapo ulipolala. Padri wa nini?"

Akasema, "Wachuka, mimi nilibatizwa wewe hujazaliwa. Niitie padri."

Nilijua anataka kusema nini. Mume wangu Ngigi, anayechimba ule udongo mweupe Kariandusi, alikula kiapo ndani ya nyumba ya mama yake, na mama ndiye aliyepika mbuzi. Jambo hilo likitoka, Ngigi anaenda kizuizini, na mimi na watoto tunapakiwa kwenye lori, turudishwe rizavu ya Wakikuyu ambako hatuna hata pa kuchimba choo. Niliogopa, sitaficha.

Padri akaja na Kiprugut. Mama hana Kiswahili cha kuungamia, na Kiprugut hajui Kikuyu. Kwa hiyo nikawekwa katikati: mama aniambie mimi, mimi nimwambie Kiprugut, Kiprugut amwambie padri.

Mama akasema kwa Kikuyu, polepole, "Niliwapikia mbuzi wa kiapo. Mwanangu alikula mbele yangu."

Nikamgeukia Kiprugut. "Anasema aliiba mboga kwa bustani ya mzungu."

Mama akafumbua macho. Kiswahili cha mboga anakijua, ameziuza soko la Nakuru miaka mingi. "Wachuka, mimi sijaiba mboga za mtu. Tokeni nje, wewe na huyo."

Tukatoka. Kupitia mlangoni tukamsikia akiongea Kikuyu kitupu, mfululizo, na padri akiitikia "mm, mm" bila kuelewa hata neno moja. Nikashusha pumzi. Lakini hasira bado ilikuwa imenijaa, nikammwagia Kiprugut. "Ile Jumapili padri alisema nini hasa? Na shingo alitaka kukata ya nani?"

Akatazama barabarani kwanza. "Yake mwenyewe. Alisema hata wamchinje, lililoungamwa halitoki kinywani mwake, hata serikali ikiuliza."

"Na wewe ukatuambia tusifiche."

"Padri akisema hivyo, ni mzungu anayesema. Nikisema mimi kwa Kiswahili, na ofisa anasikia, ningelala wapi siku hiyo, mama?"

Sikujua kama nimpige kofi au nimwonee huruma.

Padri akatoka, akaniambia maneno marefu. Safari hii Kiprugut hakukata kitu. "Anasema mama ameondolewa dhambi zake. Na wewe uliyekuwa mkalimani umefungwa kinywa kama yeye. Ulichosikia kwa kitubio, usikitoe mpaka kaburini."

Padri akapitisha kidole shingoni mwake, taratibu, akiniangalia.

"Mwambie hiyo kazi nilianza kabla hajaja," nikasema.

Kiprugut akanitazama, akatazama mlango wa mama, akanitazama tena. Nikaona kwamba zile mboga hakuziamini tangu mwanzo. Halafu akamgeukia padri, akasema, "Yes."

Hilo hata mimi nalijua. Nikafurahi, kwa mara ya kwanza, kwamba mtu yule hufupisha.