Kadi Nyekundu ya Dada Ionie

Kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi, watu saba wa mtaa mmoja kusini mwa London hukutana maktaba kutazama filamu za polisi. Si za burudani. Ni zile zinazonaswa na kamera za vifuani mwa askari wanapomsimamisha mtu njiani na kumpekua. Filamu ikiisha, kila mmoja huinua kadi: kijani kama askari walikuwa na sababu, nyekundu kama wameonea. Nyekundu zikizidi, askari huitwa kujieleza. Kamati hiyo ilipatikana kwa miaka ya maandamano, na aliyepiga kelele kuliko wote ni Dada Ionie Pusey, Mjamaika, mpishi mstaafu wa shule. Mwanawe alipekuliwa mara kumi na moja kabla hajatimiza miaka ishirini, mwisho akahamia Kanada kwa uchungu. Kadi nyekundu ya Dada Ionie haikuwahi kupata vumbi.

Alhamisi hiyo, filamu ya tatu ilipoanza, akaona mlango wa kanisa lake. Sura ya mtu ilikuwa imefichwa kwa ukungu, kama kawaida, lakini ukungu haufichi sauti. Alikuwa Devroy Lumsden, fundi wa vitasa, mtoto wa marehemu shoga yake. Mvua inanyesha, Devroy kavaa kofia ya jaketi, kapiga magoti mlangoni na bisibisi mkononi. Askari wawili weupe wakamwamuru aweke mikono ukutani. Akawaeleza kuwa ameitwa na mchungaji kubadilisha kitasa. Wakamjibu kuwa wamepigiwa simu, kuna mtu mweusi ana kisu. Wakamvua ile kofia, wakamfunga pingu, vifaa vyake wakavimwaga kwenye dimbwi.

"Subirini kidogo," Devroy alisema. "Anakuja mtu anayenijua."

Hakuja mtu. Ionie alidhani anamsema mchungaji.

Habari ya kisu ilikuwa uongo, na aliyejua hivyo chumbani mle ni yeye peke yake, kwa sababu simu ile aliipiga yeye, dirishani kwake, ng'ambo ya barabara. Alisema kuna mwanamume mweusi, kajifunika kichwa, anachokonoa mlango wa kanisa. Basi. Na haya aliyasema nani? Ionie, aliyebeba bango la kuwapinga polisi mpaka soli zikaisha! Nyani haoni kundule, jamani.

Ingeishia hapo ingekuwa nafuu. Siku ile kofia ilipovuliwa, alimtambua. Palikuwa na ngazi kumi na nne tu za kushuka, avuke barabara aseme huyu ni mwanangu. Badala yake alifunga pazia, akakaa kitini dakika ishirini na tano, aibu imemkalia kifuani.

Mwenyekiti, Bi Prudence, akauliza kama kuna anayemfahamu mtu yule, maana kanuni inamtaka atoke nje. Ionie angeweza kutoka, na asingeulizwa neno. Lakini mwakilishi wa polisi alikuwa akisema kwamba askari walioambiwa kuna kisu wasingeweza kufanya vingine, na rekodi ya simu, bahati mbaya, haikuletwa. Kadi zikaanza kupanda. Kijani. Kijani. Ya tatu, kijani.

"Hakukuwa na kisu," Ionie alisema. "Mpigaji ni mimi."

Bi Prudence alimgeukia. Akamuuliza, kwa upole uliomchoma zaidi, aliona nini hasa.

"Niliona mtu mweusi kavaa kofia. Na mvua ilikuwa inanyesha, Prudence. Hata mimi ningevaa."

Kijani zikashuka. Rekodi ikaagizwa, askari wakaandikiwa barua ya kuja kujieleza, na Ionie akaambiwa kwa heshima kwamba kamati haiwezi kubaki naye. Alikubali, akaiacha kadi yake mezani. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Kesho yake asubuhi alimwendea Devroy dukani, na keki ya tangawizi ndani ya kitambaa, kana kwamba keki hufuta kitu. Devroy alikuwa anachonga ufunguo. Akamvutia kiti, akamuuliza hali ya goti lake. Ionie hakukaa. Alimwambia yote akiwa amesimama: simu, kofia, pazia.

Devroy aliendelea kuchonga.

"Najua, Anti."

"Nani kakwambia?"

"Nilikuona dirishani." Alipuliza vumbi la chuma kwenye ufunguo, akautazama kwenye mwanga. "Nilipowaambia anakuja mtu, nilikuwa nakusema wewe."