Chai Iliyochelewa Kufika Ng'ambo

"Hatui mpaka niseme mimi," Lukumani, mfanyabiashara kama babu yake, alirudia. "Mzigo ulikuwa wa babu yangu."

"Basi sema!" Batuli alimjibu, mwiko mkononi. "Leo siku ya nane anaziba mlango wangu. Wateja wanaingilia dirishani kama mbuzi."

Aliyeziba mlango ni Jilala, babu yake Batuli, mpagazi aliyefia njiani kabla mjukuu huyu hajazaliwa. Kila alasiri alifika kwenye mgahawa wa Batuli, hapa mtaa wa Ng'ambo, kwenye njia ya zamani ya misafara, kasha la chai kichwani, akaomba radhi kwa kuchelewa. Alikuwa amechelewa miaka hamsini na miwili. Kutua alikataa. Mpagazi wa Kinyamwezi hatui mzigo mpaka mwenyewe aseme "tua". Shingo yake ilikuwa imezama mabegani.

"Nitasema akiufikisha Ujiji," alisema Lukumani. "Ndiko ulikokuwa unakwenda."

"Ujiji siku hizi watu wanapanda treni."

"Treni ina nauli. Huyu hana. Halafu, bibie, haya si majani ya kuchemshia maziwa na tangawizi. Ni chai ya Uchina, ya kwenye milima ya mawe. Hunyaushwa mpaka kingo ziwe nyekundu, kisha huokwa juu ya makaa, polepole."

"Umewahi kuinywa?"

"Sisi tunauza."

"Na wewe, babu?"

"Nimeinusa tu, mjukuu wangu," alisema Jilala kwa uchangamfu. "Toka Bagamoyo. Jua likiwaka, inanukia karanga. Mvua ikinyesha, inanukia jiwe lililolowa. Harufu nzuri, inasaidia kutembea."

Batuli aliweka mwiko chini, akapanda kigoda, akalishika kasha kwa mikono miwili.

"Aliyeubeba ni wangu, basi mwenyewe ni mimi," alisema. "Tua, babu."

Jilala akatua. Batuli akalibandua mfuniko kwa panga. Kwa mara ya kwanza tangu afungue mgahawa, alipika chai bila maziwa, akamimina majimaji ya rangi ya asali ya miombo. Jilala akanywa. Kwanza ulikuja uchungu wa makaa, akakunja uso. Akameza. Utamu ukamrudia kooni, bila sukari.

"Kumbe!" alisema, akacheka mpaka akamwaga. "Miezi mitatu nabeba kitu kitamu hivi, na mnyapara ananiambia ni dawa ya viatu!"

Wateja wakacheka naye. Lukumani alikunywa vikombe viwili, akasema atakwenda kushtaki bomani, akaomba cha tatu.

Shingo ya Jilala haikutoka mabegani. Alipokaa pembeni kumaliza kikombe chake, mlango ukawa wazi, na nje wakaonekana wapagazi wengine, mizigo vichwani, wamepanga mstari mpaka kule mtaa wa Ipuli. Kila mmoja aliomba radhi kwa kuchelewa. Waliosimama mwisho hawakuonekana vizuri kwa vumbi.

Batuli akateleka sufuria kubwa, akafunga kanga kiunoni. Wa kwanza alikuwa na pembe ya ndovu, nzito kuliko chai. Akamtua.