Mpishi wa Nyuma ya Leso

Daktari alimvuta Musyimi kope ya chini, akatazama, akatikisa kichwa. Jicho la kulia lilikuwa limefunikwa na mtoto wa jicho, na la kushoto lilikuwa linafuata. Kulipasua si kazi, alisema daktari. Kazi ni damu. Mzee hana damu, mwili umeisha. Aende akale vizuri, chakula cha nguvu, si chai na mkate, halafu arudi Jumatano ijayo. Damu ikipanda, atapasuliwa. Isipopanda, madaktari wageni watakuwa wamefunga mizigo yao, na hakuna ajuaye watarudi lini.

Musyimi akateremka ngazi za kliniki akinung'unika. Kula vizuri. Hivyo ndivyo wanavyosema wakubwa wote, hata kwenye redio: wananchi wale vizuri. Hawasemi wapi. Yeye ni mtu wa Nuu, kule Mwingi, na huku alikuwa Wote, Makueni, mji mkubwa asioujua hata kichochoro kimoja. Tena tangu Mumbua, mke wake, afariki, chakula kilikuwa kinamshinda kooni. Nyumbani alijipikia mwenyewe. Ugali ulitoka na madonge, akala nusu, nusu akampa mbwa, na mbwa naye akafikiria kwanza.

Alikuwa amefikia kwa Gedion, rika lake kutoka Nuu, ambaye ni soja wa usiku kwenye duka la mbao. Gedion ana chumba kimoja na kitanda kimoja, na mchana analala. Kwa hiyo kukipambazuka Musyimi anatoka, atake asitake.

"Mji umejaa mahoteli," Gedion alimwambia huku akivua buti. "Ingia popote. Mwenye njaa hana miiko."

Popote pa kwanza palikuwa na milango ya vioo. Msichana mmoja nadhifu alimwekea mezani kijikadi chenye vidoa vyeusi na vyeupe, akamwambia apige picha na simu, chakula kitatokea. Musyimi akatoa simu yake, ile ya vibonyezo, yenye tochi. Akamuuliza msichana kama katika nyumba hii chakula hakitajwi kwa mdomo. Msichana akacheka kwa adabu, akaenda kumwita mkubwa wake, na mkubwa hakuja. Musyimi akajiondokea. Kila mahali ni hivyo hivyo, alijisemea, mkubwa huwa hayupo.

Mahali pa pili palikuwa karibu na steji. Ukutani walikuwa wamechora ng'ombe mzima, kuku, na samaki anayetabasamu. Aliagiza pilau, ikawa imeisha. Akaagiza chapati, zikawa zimeisha. Akauliza basi kuna nini, akaambiwa chipsi. Mtu wa miaka sitini na minne, asiye na damu, ale chipsi.

Pa tatu alipata maharagwe, lakini yalikuwa yametiwa magadi ili yaive haraka, yakateleza mdomoni kama sabuni. Alipomlalamikia mwenye hoteli, yule bwana naye akalalamika: makaa bei juu, maji ya kununua, leseni juu ya leseni. Musyimi akakubaliana naye kabisa kwamba makosa ni ya wakubwa. Wakasimama hapo wakiwasema wakubwa kwa muda mrefu, wakapeana mikono kama ndugu. Maharagwe yakabaki kwenye sahani.

Siku iliyofuata aliketi juu ya jiwe kando ya soko, tumbo limeshikana na mgongo, akawatazama wanaume wa mikokoteni. Hapo akili ikamjia. Mtu anayevuta magunia tangu alfajiri hawezi kudanganywa na picha ya ukutani. Saa sita ilipogonga, wakaacha mikokoteni yao, wakaelekea upande mmoja wote, kama ng'ombe waliosikia harufu ya maji. Musyimi akashika fimbo yake, akawafuata.

Walizunguka nyuma ya mashine ya unga. Huko kulikuwa na kibanda cha mabati chenye mabenchi na meza ndefu, vyote vyeupe kwa vumbi la mahindi. Mlango wa jikoni ulizibwa na leso kuukuu, na nyuma ya leso mwanamke alikuwa akiimba wimbo wa kanisa, polepole.

"Vumbi namna hii, na wanaita kaunti," Musyimi alisema kwa sauti akiketi. "Serikali ya kula na kulala."

Wimbo ukakatika. Hakutilia maanani. Mwanamke mnene, mchangamfu, aliyeitwa Mbinya, akamuuliza mzee aletewe nini. Kulikuwa na muthokoi na mbaazi. Musyimi alisema uletwe, ingawa muthokoi wa mjini anaujua: mahindi hayakutwangwa vizuri, maganda yanakukwama menoni.

Alipotia kijiko cha kwanza mdomoni, aliacha kutafuna. Mahindi yalikuwa yametwangwa yakawa meupe. Mbaazi zilikuwa zimekaangwa peke yake kwanza, ndipo zikachanganywa, na mwishoni mtu alikuwa ametia samli ya kwenye kibuyu, ile yenye harufu ya moshi. Hivyo ndivyo alivyopika Mumbua. Musyimi alidhani upishi ule umezikwa. Alimaliza bakuli, akalisugua kwa kidole, akaomba lingine, na koo halikumkataza.

Tangu siku hiyo hakwenda kwingine. Suruali ikaanza kushika kiuno. Hata Gedion alisema uso umerudi. Lakini Musyimi si mtu wa kufurahi mpaka mwisho. Aliona jambo likamchoma. Wateja wote walimsalimu mpishi kupitia leso, "Mwaitu, umeamkaje?", yaani mama, naye akawajibu, akawatania, akamwambia Ndeti wa mkokoteni kwamba atamwoza mjane mwenye punda ili apumzike. Musyimi akisalimu, kimya. Hata kijiko hakilii. Na ule wimbo, kila akifungua mdomo wake, unakatika kama redio iliyokosa betri.

Siku ya kwanza alisema pengine hajasikia. Siku ya pili alisalimu kwa nguvu zaidi. Kufikia Jumanne, kesho yake ikiwa ni siku ya daktari, roho ilikuwa imejaa. Alikuwa amedharauliwa na makarani, na machifu, na wauguzi waliomwacha Mumbua kwenye benchi siku nzima kwa sababu daktari hayupo. Sasa na mpishi wa kibandani? Akasimama, fimbo mkononi.

"Mimi nakula chakula chake kila siku, na hanijui kwa salamu," aliwaambia watu wa mezani. "Amekuwa mkubwa na yeye. Ngoja nimwone uso."

Mbinya akaacha sahani alizobeba, akamkimbilia. Mkono wa Musyimi ulikuwa umeshashika ncha ya leso.

"Mzee, hapana. Huko usiingie, nakuomba."

"Kuna nini huko? Ni Ikulu?"

Ndipo sauti ikatoka ndani, nzito na ya taratibu. "Mbinya. Mwambie mkwe wangu asimame hapo hapo."

Musyimi aliiachilia leso kama iliyoshika moto. Siku zote hizo aliisikia ikitania watu, asiitambue; lakini kwa neno hilo la mkwe aliikumbuka penye kaburi la Mumbua, ikilia. Alikuwa mama wa Mumbua, mama mkwe wake, wa Matiliku alikooa.

Kwa Wakamba wa umri wao, mtu na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Hawali pamoja, hawasalimiani kwa mkono, na wakikutana njiani kila mmoja anaacha njia. Wakiwa na neno, hulipitisha kwa mtu wa tatu, hata kama wanasikiana. Hiyo ndiyo nthoni, aibu ya wakwe. Na yeye Musyimi kwa siku hizo zote alikuwa amekula mlangoni pake, akifyonza vidole, akicheua, akimtukania serikali masikioni.

Mbinya akaeleza haraka haraka, macho chini, kwamba yeye ni mke wa Nyamai, mdogo wake Mumbua, shemeji ya Musyimi. Walioana baada ya mazishi, ndiyo sababu mzee hamjui. Nyamai anaendesha lori la Mombasa, mara nyingi analala Mtito Andei, na mama alihamia huku kuwasaidia kazi ya hoteli. Musyimi tangu mazishi hakuwa amekanyaga Matiliku, wala kuuliza.

Akakohoa, akaitazama mashine ya unga. "Muulize amejua lini kwamba ni mimi."

Mbinya akageukia leso. "Mama, anauliza..."

"Nimesikia. Mwambie siku ya kwanza, alipoketi tu akaanza na serikali. Toka Nuu mpaka hapa hakuna mwingine wa sauti hiyo."

Ndeti akainamia bakuli lake, mabega yakitetemeka.

"Muulize kwa nini alinyamaza."

Mwiko ukasugua sufuria. "Mwambie nilichungulia kwenye tundu la leso, Mungu anisamehe. Nikaona shati limening'inia kama limeanikwa kwenye mwiba. Nikamwambia Mbinya, huyu akijua ni mimi ataondoka na njaa yake. Namjua. Aibu yake ni kubwa kuliko tumbo."

Na kweli, Musyimi alikuwa ameshachukua kofia yake. Akasema aambiwe kwamba ameshukuru sana, lakini mkwe hawezi kula hapa tena, si heshima. Kesho daktari atapima damu iliyoko, na kama haitoshi, basi. Gedion alisema mwenye njaa hana miiko, lakini Gedion hakuoa Matiliku.

Alikuwa amefika kwenye kona ya mabati aliposikia sauti imepanda.

"Mwambie nilimzaa Mumbua, nikamfundisha kupika, akaupeleka upishi wangu Nuu. Mtoto nimezika. Sitazika na mkwe kwa ajili ya bakuli la muthokoi." Akapumua. "Tena mwambie leso ipo, inafanya kazi yake. Hajaniona. Na kwa macho hayo, hata angeingia, angeona nini?"

Meza nzima ikalipuka kwa kicheko. Ndeti akaomba na wao waonewe aibu ili waongezewe bakuli. Musyimi alisimama, uso umekunjamana, akitafuta wa kulaumu. Safari hii hakumpata. Kliniki hapana, kaunti hapana, chifu hapana. Alipogeuka alimwona Mbinya ameshika bakuli la pili, mvuke ukipanda, naye hajui alipeleke wapi.

Musyimi akarudi. Akalishika benchi lake, akaligeuza lielekee mashine ya unga, akaketi akiipa leso mgongo.

"Mwambie," alisema, "mbaazi za jana zilikuwa nzuri kuliko za leo."

"Mwambie aongeze chumvi aende zake," ikajibu leso.

Damu ilitosha kwa taabu, daktari akasema wajaribu. Jicho likapasuliwa. Lilipofunguliwa bandeji, Musyimi alikwenda moja kwa moja nyuma ya mashine ya unga. Kwa mara ya kwanza aliona kwamba leso ile ilikuwa ya buluu, na karibu na ukingo wake palikuwa na tundu dogo. Mkono ulitokea chini yake ukimpa Mbinya bakuli, mkono wenye mikunjo, kidole gumba kimepinda nje kama kile cha Mumbua. Akageuza uso haraka.

Alikaa kwenye benchi lake, mgongo kwa leso. Mashine ilikuwa ikimwaga vumbi jeupe juu ya chakula cha watu, na hakuna afisa aliyejali. Maneno yalimjaa mdomoni. Lakini nyuma yake ule wimbo ulikuwa umeanza, polepole, na Musyimi alijua ukisikia sauti yake utakatika. Akafunika bakuli kwa kiganja vumbi lisiingie, akala kimya.