Ambari ya Bibi Qurratulain

Sakeena aliingia jikoni kwa bibi yake, mtaani Thornhill, nje kidogo ya Toronto, bila tone la manukato mwilini, na siku hiyo tulikuwa tunapika udi wa kufukiza wa harusi ya dada yake. Kwetu hilo ni tusi. Naseem, mke wa kaka yake, akamnusa shingoni mbele ya wanawake wote.

"Mtengeneza manukato huyu! Ananukia maji ya bomba."

"Kazini haturuhusiwi, wifi. Pua lazima iwe safi."

"Kazini! Kukoroga dawa za sabuni."

Wakacheka. Mimi, shangazi yake, nilijizuia kwa shida. Ninakumbuka misandali iliyong'olewa na mizizi yake kule Kenya, malori yamefunikwa maturubai, vijana wa kijijini wakiambulia senti, ili chupa iandikwe "asili" kwenye kabati la kioo huku Toronto. Kemia nimejisomea mwenyewe, maktaba ya mtaani Lawrence Heights, baada ya zamu za usafi. Harufu nyingi za maabara chanzo chake ni petroli, najua, sijalala. Lakini usinidharaulie binti anayezitengeneza huku umejipaka mti wa watu.

Sakeena alitaka kitu kimoja tu: mwiko wa kukorogea udi. Mama yangu, Bibi Qurratulain, ndiye aliyepika udi wa kila harusi ya ukoo tangu Zanzibar, na sasa mikono inamtetemeka. Lazima arithiwe. Lakini tangu mjukuu wake aanze kazi maabara ya manukato, mwaka jana, Mama amekuwa akisema: vya kiwandani haviingii sufuriani mwangu, wala mkono unaovishika.

Sukari ikayeyuka. Vikaingia vipande vya udi, yakaingia marashi, kisha Mama akafungua kichupa cha ambari, manukato yatokayo kwa nyangumi, anachokificha kama pasipoti. Sakeena akainama kunusa. Uso ukambadilika.

"Shangazi," akaninong'oneza, "hii ndiyo ya maabara tunayotumia kazini. Ileile. Ambari ya nyangumi ina kauvundo ka zizi. Hii haina."

Damu ikanipanda. Nikavuta pumzi niwatangazie wote: harusi zote mlizojifukiza, ilikuwa ya kiwandani! Sakeena akanikanyaga mguu, na si kwa utani. Akamsogelea bibi yake, akasema chinichini:

"Bibi, ambari inakaribia kuisha. Naweza kukuletea hiihii."

Mwiko ukasimama. "Hiihii?"

"Hiihii. Ni nzuri sana, Bibi."

"Umeijua kwa kunusa tu?"

"Ndiyo."

Mabega yakaanza kumtikisika Mama kwa kicheko.

"Marehemu babu yako aliniletea kichupa cha kwanza kutoka Bombay. Akaniapia ni ya nyangumi. Karani wa bandarini, nyangumi atampata wapi? Nami nikanyamaza, maana ilinukia. Nikawa naagiza hiyohiyo ya kiwandani." Akafuta macho kwa ncha ya mtandio. "Shika."

Akamkabidhi mwiko. Naseem akakitazama kichupa kilichokaribia kuisha.

"Bibi," akauliza Naseem, "ambari ya harusi zijazo itatoka wapi?"

Nilidhani Mama atamdanganya. Akapaza sauti:

"Kazini kwake."

"Kiwandani?"

"Kazini kwake, nimesema. Na ya siku zote pia ilikuwa ya namna hiyohiyo. Fungua dirisha, wewe, king'ora cha moshi kitatuitia zimamoto." Akamgeukia Sakeena. "Koroga, mama. Usiinue mkono, sukari inashika chini."