Koki ya Ghorofa ya Tisa

Kwa miaka ishirini na sita, maji yakikatika kwenye lile jengo la ofisi, niliitwa mimi, fundi bomba. Ramani zake zililiwa na mchwa kabla sijaajiriwa, na kila fundi aliyenitangulia alipitisha mabomba alivyopenda, Mungu awasamehe. Nilikuwa nayo yote kichwani, ghorofa kumi na nane.

Wenye jengo wakaamua kulikarabati, wakatuachisha kazi sote. Mhandisi wao, binti mpole, akaniomba nibaki wiki moja nimwonyeshe koki zote. Nilipomweleza mke wangu, aliendelea kukunja nguo.

"Ukishawaonyesha zote, watakuitia nini tena, baba watoto?"

"Sasa nifanyeje?"

"Bakisha moja. Akiba haiozi."

Nikabakisha koki kuu, ile iliyojificha nyuma ya ukuta wa mbao ghorofa ya tisa. Bomba likipasuka, asiyeijua atahangaika mpaka maji yafike mezani kwa mkurugenzi. Nyingine zote nilizitia alama ya chaki, na yule binti akaziandika.

"Ndizo zote, mzee?"

"Ndizo zote."

Niliona haya, maana hakuwa amenikosea kitu. Nikaenda nyumbani kusubiri waniite.

Simu nilikwenda nayo hata chooni. Mwezi wa kwanza mke wangu alinitania kwamba nimeoa mke wa pili. Kufikia mwezi wa tano utani uliisha. Mwezi wa kumi na moja nikasikia jengo limefunguliwa, nikajipeleka mwenyewe.

Mapokezi palinuka rangi mpya. Ukutani, chini ya taa yake peke yake, walikuwa wametundika koki yangu, imesuguliwa mpaka inang'aa. Kibao kilisema: Kumbukumbu ya jengo la zamani.

"Hii waliipata wapi?" nikamuuliza mlinzi.

"Walipobomoa kuta, mzee. Walifunga maji kule barabarani, wakang'oa mabomba yote, wakaweka mapya. La zamani halikubaki hata moja."

Iliniuma kuliko siku ya kuachishwa kazi. Nikaishika, nikaizungusha kulia, nilivyozoea kufunga. Ikazunguka tu, haikukaza.

"Mzee, usiguse. Hilo ni pambo."

Simu ikalia mfukoni. Nilivyoitoa mbio, ungedhani natafutwa na mkurugenzi. Alikuwa mke wangu.

"Wameshakuita?"

Nikamwambia bado.