Pampu ya Fundi Rangi

Daktari alipandisha kipimo cha dawa ya pumu, ile ya pampu, kwa mara ya pili, akavua miwani na kusema bila kuzunguka: kifua kikibana tena kama mara ile, huenda wasiwahi kufika hospitali. Fundi rangi aliitikia kwa kichwa. Mkewe, fundi cherehani, alitoka pale amefura kwa hasira.

"Hivi unaitumia kweli hiyo pampu, baba watoto?" alimuuliza njiani.

"Naitumia. Asubuhi na jioni, niwe mzima niwe mgonjwa. Si ndivyo mlivyoniimbia?"

"Basi mbona unahema hivyo hata ukitoka kitandani tu?"

"Muulize aliyeitengeneza."

Na kweli alikuwa akiitumia, hilo ndilo lililomkera mkewe zaidi. Angekuwa anaitupa, angejua pa kumshika. Kila asubuhi na kila jioni alimwona akichukua pampu, akitoka uani na kufunga mlango nyuma yake. Maisha yake yote alikuwa akipuliza rangi magari ya watu, na kwake kitu cha kupuliza hakipulizwi ndani ya nyumba. Siku alipopewa pampu hospitalini, muuguzi alipotaka kumwonyesha matumizi, fundi alicheka: "Mwanangu, mimi napuliza tangu hujazaliwa." Mkewe ndiye aliyebaki kusikiliza, kwa aibu. Nyumbani hakuwahi kumfuata uani, maana nguo za wateja zilikuwa zikimsubiri mezani.

Jioni ile alimfuata, hasira bado hazijamwisha, ili amseme kuhusu barakoa asiyoivaa kazini. Alipofungua mlango, akasahau habari ya barakoa.

Mumewe alikuwa amesimama karibu na ukuta, upepo mgongoni. Aliitikisa pampu vizuri, akafungua mdomo. Kisha akaishika shubiri nzima mbali na uso, akapuliza huku mkono ukienda kushoto na kulia, taratibu, kama anayepaka rangi mlango wa gari. Dawa ikapita shavuni, ikapita sikioni, ikaenda zake.

"Unafanya nini?"

"Si natumia dawa."

"Mbona mbali hivyo?"

Alimtazama kama fundi anavyomtazama asiyejua kazi. "Ukisogeza karibu inachuruzika, mama. Lazima uitandaze."

"Yarabi! Kumbe anayetibiwa ni ukuta! Ndiyo maana hauna hata mafua!" Akampokonya pampu. "Sikio la kufa..." Akaogopa kumalizia.

Alitaka kufoka zaidi, lakini akamrudishia pampu. Aliwaza siku ile kifua kilipombana, midomo ikageuka rangi.

"Toa pumzi yote," alisema. "Iweke mdomoni, uibane kwa midomo. Sasa vuta polepole, bonyeza, endelea kuvuta. Usiache! Haya, zuia pumzi. Zuia, nimekwambia!"

Fundi alizuia, macho yamemtoka. Mkewe akachota maji ya kusukutua kwenye ndoo, kama muuguzi alivyoagiza. Fundi aliachia pumzi. Alilamba midomo, akailamba tena, akakunja uso.

"Mama watoto," alisema kwa mshangao, "kumbe hii dawa ina ladha?"

Mkewe alikuwa amekwishamnyooshea kikombe. Alikiweka chini, akaketi kizingitini na kulia kwa sauti, na fundi, ambaye bado hakujua amekosea nini, akaanza kumwomba radhi.