Ndoo Iliyofukuza Wateja Sita

Kila siku saa nne asubuhi Kimya alipiga deki, na kila siku saa nne asubuhi wateja walikimbia.

Yeye mwenyewe asingejua kama si ile skrini. Zamani shangazi yake, mwenye karakana ya milango, alikuwa akiletewa karatasi moja kila mwisho wa mwezi, ikimwambia ni watu wangapi wameitembelea tovuti yake. Aliisoma, akaguna, akapangusia mikono. "Inanisaidia nini hii? Mgeni kaja tarehe tatu, mimi naambiwa tarehe thelathini!" Ndipo mwanawe, ambaye wote walimwita Mtaalamu, akamhamishia kwenye huduma mpya, ya papo kwa papo. Akatundika skrini ukutani, juu ya milango iliyosubiri vanishi. Mtu akiingia kwenye tovuti, hapo hapo inawaka nukta ya kijani, na kando yake jina la mlango au ukurasa anaoutazama.

"Na ninyi ingieni kwenye simu zenu," Mtaalamu akawaambia mafundi, "mjue wageni wanaona nini."

Siku ya kwanza ziliwaka nukta saba. Shangazi akajiweka sawa kitambaa cha kichwani.

"Karibuni," akaiambia skrini. "Karibuni sana, jisikieni nyumbani."

"Hawakusikii, mama."

"Nyamaza wewe. Adabu nilikufundisha mimi, si wao."

Basi karakana yote ikaingia adabu. Fundi mkuu aliifunga nyundo yake tambara ili isiwashtue wageni. Karani akaacha kula mezani, maana utatafunaje watu saba wakikutazama na hujawakaribisha? Nukta moja ilipokaa saa mbili nzima kwenye mlango wa choo, dereva aliuliza kwa kunong'ona kama wamgongee.

"Mwacheni," Shangazi akasema. "Haja haina haraka."

Tatizo lilikuwa watu wa barabarani. Walikuja na vipimo vyao kwenye vikaratasi, wanaongea kwa sauti, wanapigapiga mbao kwa vidole. Shangazi akachoka nao. Akafunga mlango mkubwa kwa komeo, akabandika tangazo nje: SAMAHANI, TUNA WATEJA.

Ikabaki kero moja tu, na kero hiyo ilikuwa Kimya. Akiingia na ndoo, saba wanakuwa watano, watatu, mmoja. Akitoka, wanarudi.

"Mtoto wa kaka yangu," Shangazi akamwambia siku ya nne, kwa upole unaotisha, "una nini na watu? Kesho utapiga deki mara moja tu, nikiwa nimekaa hapa naangalia. Wakikimbia tena, unafungasha, unarudi kwa dada yako."

Kwa dada yake Kimya alilala sebuleni, na shemeji akirudi kazini alimruka kama kizingiti. Hapa alikuwa na chumba nyuma ya stoo, kidogo, lakini chenye ufunguo. Hakubisha. Alikwenda akaosha tambara lake mara mbili, labda ni harufu.

Kesho yake saa nne akaingia. Shangazi alikaa mkabala na skrini, mikono kifuani, simu mapajani, nukta saba zikiwaka. Kimya hakuitazama skrini. Aliwatazama watu.

"Miguu, jamani," akasema, kama kawaida yake.

Dereva akatia simu mfukoni, akapandisha miguu kwenye benchi. Sita. Fundi wa rangi akatia simu mfukoni, akabeba kopo lake. Watano.

"Unawaona?" Shangazi akafoka. "Unawaona wanavyokwenda?"

Karani akainua kiti. Wanne. Fundi mkuu, Mtaalamu. Wawili. Shangazi naye, maji yalipomfikia kwenye viatu, akaiweka simu kwenye pochi na kuinuka. Mmoja.

Kimya akatia tambara kwenye ndoo. "Shangazi, naomba wote mtoe simu."

Wakatoa. Saba.

"Rudisheni."

Mmoja.

Dereva akaangalia simu yake, akaangalia skrini.

"Kwa hiyo yule wa chooni..." dereva akaanza.

"Nilikuwa nakiangalia kitasa," fundi mkuu akasema, macho chini. "Nilikipachika upande siyo."

Shangazi akakaa palepale penye maji. "Yaani siku tano nimejikaribisha mwenyewe?"

"Na ulikaribika," Mtaalamu akasema, akapigwa na pochi.

Lakini Kimya alikuwa bado anahesabu. Humu ndani watu sita wenye simu hizo. Yake ilikuwa ya kubofya, haifungui tovuti yoyote. Na nukta moja bado inawaka. Akasogea, akasoma kando yake polepole: Saa za Kufungua.

Akabeba ndoo kana kwamba anakwenda kumwaga maji, akavuta komeo. Kwenye ngazi alikaa mama mmoja, tepu ya kupimia shingoni, simu mkononi.

"Hivi mnafungua saa ngapi?" mama akauliza. "Leo siku ya tatu nakuja. Kila nikija mna wateja."

"Pita, mama. Taratibu tu, pamelowa."

Mama akainuka, akatia simu kwenye mkoba, akaingia. Ukutani nukta ya mwisho ikazimika.

"Ameondoka!" Shangazi akapiga kelele. "Hata huyo mmoja umemfukuza!"

Kimya akaweka ndoo chini, akamshika shangazi yake mabega, akamgeuza polepole. "Huyu hapa."

Shangazi alimtazama yule mama juu mpaka chini, kama anamtafuta mahali alipo kijani.

"Unataka mlango gani?" akauliza hatimaye.

"Wa mbele. Wangu haufungi."

"Wetu ulikuwa haufunguki," fundi mkuu akasema, huku anafungua tambara kwenye nyundo.

Shangazi akajikung'uta maji kwenye gauni. "Wewe Kimya, mbona umesimama? Kabandue lile tangazo. Halafu urudi umalizie deki, kona ile hujaifikia."